Njaa, Ndiga na Pori la Kusini

Ndiga haina haraka na mtu. Ukiichimba asubuhi, ukaimenya, ukaichemsha ikaiva na ukaila jioni, usiku wake hutausahau kama utauvuka: koo linawasha, kichwa kinazunguka, unatapika, na kama uliila ukashiba, mwili unaanza kukakamaa kwa degedege. Sumu yake wanakemia wanaiita dioskorini, nayo hupiga mishipa ya fahamu. Chungu kimoja cha maji ya moto hakiiwezi. Inataka maji mengi na siku kadhaa. Mama anaikata vipande vyembamba, anavijaza kwenye tenga, anakwenda kulizamisha mtoni mahali maji yanapotembea, analikandamiza kwa mawe, anarudi nyumbani. Kesho anakwenda kuvigeuza na kuvisugua. Keshokutwa tena. Vikishaisha uchungu anavianika, vikikauka anavitwanga, anachekecha unga, anasonga ugali. Anayepunguza siku kwa sababu watoto wanalia anaweza kuwazika watoto haohao.

Wataalamu wa mimea wanaiita Dioscorea dumetorum, na ni ndugu wa kiazi kikuu. Utaijua kwa shina lake la kutambaa lenye miiba na jani lake lililogawanyika mara tatu. Inaota kuanzia Senegal mpaka Msumbiji, kwa hiyo si mali ya Kusini mwa Tanzania peke yake, lakini huku Lindi, Mtwara, Kilwa na Liwale imeingia katika kumbukumbu za watu kuliko sehemu nyingi. Huku pia ndiko kuna ndugu yake mpole, ming'oko, viazi vyembamba visivyo na sumu, ambavyo unavichimba, unavichemsha kwa chumvi na kuvila siku hiyohiyo. Ming'oko huliwa hata na aliyeshiba. Ndiga huliwa na aliyekosa.

Historia ya njaa za Kusini kwa kawaida husimuliwa kwa mvua, nzige na vita. Yote hayo yamo. Ila mimi naona kipimo kimoja kimesahauliwa, nacho ni siku. Pori la huku lilikuwa na chakula hata katika miaka mibaya. Swali lilikuwa nani alikuwa na siku za kutosha karibu na mto, bila mtu wa kumfukuza, na nani alinyang'anywa siku hizo.

Tuanze na karne ya 19, wakati Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkuu wa biashara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa. Misafara ilipita katika nchi ya Wayao, Wamwera na Wangindo, na nyuma ya misafara, au mbele yake, walikuja Wangoni. Majeshi yao yalishuka kutoka nyanda za Songea, yakabeba chakula ghalani na watu majumbani. Wakulima wa mabondeni walifanya jambo la busara: walipanda juu. Uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ni mlima uliokatwa bapa kileleni, umefunikwa na kichaka kizito ambacho mgeni hapiti bila mwenyeji. Msafara haukuweza kupenya humo kwa urahisi, wala jeshi la mikuki. David Livingstone alipoteremka Mikindani mwezi Machi 1866 na kupanda kufuata Mto Ruvuma, alikuta vijiji vilivyohamwa na nchi ambamo chakula hakikununulika hata kwa mwenye nguo za kubadilishana.

Uwanda huo ulikuwa na tatizo lake, maji. Mvua inayonyesha juu huzama mchangani, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Karl Weule, mwanaethnografia wa Leipzig aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera na mashine ya kurekodi sauti, aliona wanawake wakishuka na kupanda genge hilo kila siku wakiwa na mitungi. Sasa mtu anayepanda mlima na mtungi mmoja hawezi kuloweka ndiga kwa siku tano. Nadhani ndiyo sababu ming'oko imependwa sana na Wamakonde: kiazi kisichodai mto kina thamani nyingine kabisa kwa watu waliochagua usalama wakapoteza maji.

Kuna zao jingine lililowafaa watu hao, na linafanana na ndiga kwa tabia. Muhogo ulivuka bahari kutoka Amerika pamoja na Wareno, ukaingia bara polepole, na Kusini ukafanywa chakula kikuu. Aina zake nyingi ni chungu, zina sumu inayotoa sianidi, na dawa yake ni kumenya, kuloweka au kuvundika, kuanika, kutwanga. Makopa tunayoyaona juu ya mapaa na mikekani ni matokeo ya kazi hiyo. Vitabu hueleza kwamba wakulima wa Afrika walijifunza kuudhibiti muhogo. Mimi naamini wanawake wa huku hawakuwa na mengi ya kujifunza: walikuwa tayari na somo la ndiga.

Na pori halikulisha tumbo tu. Katika karne ya 19 watu wa Rufiji, Kilwa na Lindi walichimba sandarusi ardhini, utomvu uliogeuka jiwe, ambayo kupitia Unguja ilifika hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Baadaye ikaja zamu ya mpira wa porini. Mtambaa wake ni Landolphia, na mmojawapo umepewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja. Ulikwanguliwa ukatoa maziwa, maziwa yakaganda, vidonge vikapelekwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi pwani. Matunda yake, ya ukoo mmoja na mabungo, watoto waliyala njiani. Ni machungu kidogo kwenye ganda na makali kwa utamu uliochanganyika na uchachu, na mbegu hutemwa au humezwa kutegemea njaa. Wangindo waliongeza nta na asali. Kwa hiyo mtu wa Liwale au Matumbi aliyeingia porini angeweza kurudi na mboga, na matunda, na pesa ya nguo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Wajerumani waliokuja kututawala hawakulipenda hilo. Mtu anayeweza kuishi porini ni vigumu kumwajiri. Kuanzia 1898 kila nyumba ilitakiwa kulipa kodi, na walioweza walilipa kwa pesa ya mpira na nta. Mwaka 1902 gavana Götzen alianzisha mashamba ya pamoja ya pamba chini ya maakida na majumbe, kila mwanamume akitakiwa kutumika humo siku 28 kwa mwaka. Kwenye karatasi, siku 28 si nyingi. Kwa mkulima, zilikuwa zilezile za kupalilia mtama na mahindi, na za kuwafukuza nguruwe na nyani wasimalize shamba. Malipo yalikuwa ya aibu: baada ya mwaka wa kwanza, wengine katika wilaya ya Dar es Salaam walipewa senti 35 na wakakataa kuzipokea. Halafu mwaka 1904 ikaja sheria ya misitu, iliyoiwezesha serikali kutenga misitu na kuzuia watu kuishi, kulima na kuvuna humo. Katika miaka miwili tu, mkulima wa Matumbi alipunguziwa siku za shambani na akaanza kuzibiwa njia ya porini.

Mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa pamba. Yaliyofuata tulifundishwa shuleni: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake ya dawa, kunyongwa kwake Mohoro tarehe 4 Agosti, vita kuenea kwa Wangindo, Wamwera, Wapogoro, Wabena na Wangoni, risasi za Mahenge. Shuleni hawakutusimulia sana mwaka wa pili wa vita, kwa sababu mwaka huo hauna mapigano mengi ya kusimuliwa.

Maofisa wa Kijerumani waliona mapema kwamba bunduki haziwezi kuwamaliza watu waliotawanyika porini. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana kwamba ni njaa pekee itakayowaleta watu chini, na kwamba vita vya silaha havitatosha. Mpango ukatekelezwa. Vikosi vilipita kijiji kwa kijiji, vikachoma nyumba, vikabeba au kuteketeza nafaka iliyokuwa ghalani, vikafyeka mazao yaliyokuwa shambani, pamoja na mbegu. Wamatumbi waliita njaa hiyo Fugufugu. Iliendelea mpaka 1907. Taarifa ya Wajerumani ilihesabu wafu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka Matumbi na Kilwa miaka ya 1960 akizungumza na wazee waliokuwapo, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389.

Sasa fikiria ndiga katika hali hiyo. Mizizi haikuchomwa, ilikuwa bado ardhini. Watu walikimbilia misituni na mapangoni, na pango la Nang'oma huko Matumbi bado linatajwa kama moja ya maficho hayo. Walikuwa karibu na chakula chao cha njaa kuliko wakati wowote. Lakini kuloweka kunataka uende mtoni leo, kesho na keshokutwa, mahali palepale, na njia ya mto ndiyo ya kwanza kuviziwa na doria. Kuanika kunataka jua, na jua ni uwazi. Kusonga ugali kunataka moto, na moto unatoa moshi. Tenga lililoachwa chini ya maji linamwambia askari kwamba mwenyewe atarudi. Kikosi hakikuhitaji kuharibu ndiga hata moja. Kilihitaji kuwahangaisha watu wasikae mahali kwa siku tano. Nani alikufa kwa njaa tupu na nani kwa ndiga iliyoliwa kabla ya siku zake, hakuna rejista iliyoandika, na ndani ya hesabu ile ya laki mbili na nusu au tatu wamo wote.

Na waliobaki hawakuwa na mbegu. Msimu wa 1906 ulipofika, wapo waliolima bila kitu cha kupanda. Mashamba yakageuka pori, pori likaleta tembo na nguruwe, na wanyama hao wakawafukuza wakulima wachache waliosalia. Watu wa nje waliokuja baadaye walitazama nchi hiyo wakadhani imekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuja kabla jeraha halijapona. Mwaka 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilisukumwa kusini, na mwezi Oktoba mapigano ya Mahiwa, si mbali na Nyangao, yalikuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika Afrika Mashariki. Novemba Lettow alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji kutafuta chakula. Majeshi yote mawili yalikula kilichokuwa vijijini. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni 1 katika vita nzima, na wasiopungua 95,000 hawakurudi. Mwanamume aliyebeba sanduku la risasi hakuwepo kulima, na mkewe aliyebaki alikuwa na kazi za watu wawili, hivyo hata siku za kwenda kuchimba alizipata kwa kuziiba.

Waingereza waliitawala Tanganyika kwa sauti ya chini zaidi, lakini kwa pori la Kusini walifanya makubwa kuliko Wajerumani. Wajerumani walikuwa wametenga mapori ya wanyama Rufiji tangu 1896. Mwaka 1922 Waingereza waliyaunganisha wakayapa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa kwa risasi Beho Beho, Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Pori hilo lilipanuliwa kidogo kidogo, kisha kwa hatua kubwa katika miaka ya 1940. Malale yalikuwa yametokea magharibi ya Liwale, na serikali ikaamuru watu wakusanywe katika makazi makubwa mbali na ndorobo. Walioondoka waliacha mashamba, makaburi, mizinga ya nyuki na mito waliyoizoea. Msimamizi wa wanyamapori wa eneo hilo, Constantine Ionides, yule aliyepata sifa kwa kukamata nyoka, hakuficha kwamba alitaka nchi hiyo iwe ya tembo. Malale yalipopungua, Wangindo hawakurudishwa. Selous ikafikia takriban kilomita za mraba 50,000, kubwa kuliko nchi ya Rwanda karibu mara mbili, na mwaka 1982 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia kama mfano wa nyika isiyoguswa na binadamu. Jambo hilo hunichekesha, ingawa si kicheko cha furaha. Tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwa mama wa Liwale maana yake ilikuwa nyepesi kueleza. Mahali alipochimba mama yake, yeye akikutwa na muo wa kuchimbia mkononi alikuwa mhalifu.

Alikuwapo mtu mmoja aliyelitazama jambo hili kwa karibu. A. R. W. Crosse-Upcott alikuwa mwanaanthropolojia aliyeishi na Wangindo, na mwaka 1958 alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala juu ya jinsi Wangindo wanavyoishi wakati wa njaa. Ni miongoni mwa maandishi machache ya enzi hiyo yaliyouchukulia utafutaji wa chakula cha porini kuwa maarifa yenye utaratibu wake. Maofisa wengi waliuona kuwa dalili ya uvivu wa kulima. Tofauti hiyo si ndogo. Ofisa anayeamini kwamba ndiga inamfanya Mngindo asilime atafurahi kuona njia ya porini imefungwa. Anayejua kazi iliyomo ndani ya kikapu kimoja cha unga wa ndiga hawezi kumwita mtu mvivu.

Kabla ya makala hiyo, serikali ya London ilikuwa imeleta mradi wa karanga. Ulitangazwa mwishoni mwa 1946, ukaanza 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukiwa na lengo la kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yalikosekana, vifaru vya Sherman vya vita vilivyokwisha vikafanywa matrekta. Bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikajengwa kwenda Nachingwea. Mwezi Januari 1951 mradi ulizikwa rasmi, baada ya kumeza kama pauni milioni 36. Waandishi wameandika vya kutosha juu ya udongo wa Kongwa uliokauka ukawa kama saruji, na mvua ambazo hazikufika. Mimi huwaza juu ya kile kilichong'olewa ili karanga zipandwe. Miombo ya Nachingwea ilikuwa na matonga, furu, mabungo, uyoga wa masika unaoota chini ya miti hiyo, na mitambaa ya ming'oko na ndiga chini ya vichaka. Katika makaratasi ya mradi hayo yote yaliitwa kichaka, na kichaka kilihesabiwa kwa gharama ya kukiondoa.

Uhuru ulipokuja, korosho zilikuwa zimechukua nafasi ya mpira wa zamani. Nchi ilivuna tani 145,000 msimu wa 1973/74, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Wakati huo vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa vikiendelea ng'ambo ya Ruvuma. Wakimbizi walikuwa Rutamba, FRELIMO walikuwa na kambi Nachingwea, na vijiji vya mpakani viliishi kwa tahadhari. Ndiyo sababu moja Mtwara na Lindi zilitangulia katika kuhamia vijijini kabla Operesheni Vijiji haijaenea nchi nzima. Watu waliletwa kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Mikorosho ilibaki kule nyuma, mbali, nyasi zikaizidi, moto ukaila. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka mpaka karibu tani 16,500. Bei mbaya na magonjwa ya mikorosho vilichangia sana, nisije nikausingizia umbali kila kitu. Lakini umbali uliowatenga watu na mikorosho ndio uliowatenga na mto na kichaka. Mwanamke aliyekuwa akichimba ming'oko nyuma ya shamba lake sasa alitembea asubuhi nzima kufika hapo.

Siku zikipungua, kinachofuata tulikiona ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mwaka 1981, katika ukame mkali, watu zaidi ya 1,000 wa mkoa wa Nampula, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Madaktari walikaa na kesi hiyo muda wakakuta ni muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka: chakula kingine hakikuwepo, siku za kuanika zilifupishwa, sumu ikabaki. Nampula ni nchi ya Wamakua, ndugu wa Wamakua wa Masasi. Ugonjwa huo, unaoitwa konzo, ulionekana pia katika mkoa wa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna aliyesahau jinsi ya kutengeneza makopa. Njaa iliwafanya wayale kabla ya wakati, hadithi ileile ya Fugufugu, isipokuwa safari hii kulikuwa na madaktari wa kuiandika.

Mwaka 2002 yalitokea mambo mawili ambayo hayakupangwa pamoja. Christopher Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs walichapisha kitabu chao juu ya mimea ya porini inayoliwa Tanzania, kwa picha, majina ya kienyeji na maelezo ya namna kila mmea unavyotayarishwa. Ni kitabu kizito ambacho ofisi nyingi za kilimo zingefaa kuwa nacho mezani. Na Bunge likapitisha Sheria ya Misitu inayoruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Huko Liwale vijiji vinavyouzunguka msitu wa Angai, wenye hekta zipatazo 140,000, vilihangaika miaka mingi mpaka msitu huo ukatambuliwa kuwa wao. Mijadala ya Angai imekuwa ya mbao na mpingo zaidi, kwa kuwa huko ndiko kuna fedha. Hata hivyo, mara ya kwanza tangu 1904, anayeamua nani aingie msituni na muo au panga ni mkutano wa watu wanaoula msitu huo.

Ming'oko nayo imepata bahati yake. Kiangazi kikifika, ukishuka basi Mtwara, Lindi au Mingoyo utakutana nayo kwenye sinia, imechemshwa, imepangwa mafungu, chumvi na pilipili pembeni. Vijana wa mjini wanaila kwa mkono mmoja, simu kwenye mkono mwingine. Wanaosafiri kwenda Dar es Salaam huwafungashia ndugu. Uhitaji umeongezeka kiasi kwamba vichaka vya karibu na miji vimechimbwa vikachoka, na wachimbaji wanakwenda mbali zaidi. Wengine hurudishia kichwa cha mmea ardhini ili uchipue tena, wengine wana haraka ya soko na hawarudishii.

Ndiga haijafika kwenye sinia, na sidhani itafika. Hiyo huonekana magazetini, mwaka ambao mvua zimekataa, katika habari inayosema wananchi wa wilaya fulani wamefikia hatua ya kula mizizi. Kiongozi hukanusha, mwingine huahidi mahindi ya bei nafuu, na mahindi wakati mwingine huja. Mwandishi wa habari hiyo mara chache humwuliza mama anayepigwa picha tenga lake limekaa mtoni siku ngapi, na huo mto uko umbali gani kutoka nyumbani kwake.